Mlango Ulioshinda Theluji Ukapigwa na Upepo: Historia ya Mlango wa Gereji Kwenye Nchi za Baridi

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba gari lako liko gereji, swali la kwanza ni "limepata nini tena?" Gereji hapa Bongo ni kwa fundi: oili chini, boneti juu, na dogo mmoja ametumwa Gerezani kutafuta spea. Lakini mpigie ndugu aliyeko Minneapolis au Winnipeg. Yeye akikuambia gari liko gereji, anamaanisha limelala. Lina chumba chake, lina paa lake, na mara nyingi chumba hicho kimeshikana na nyumba ya watu, ukuta kwa ukuta. Neno lenyewe ni la Kifaransa, na asili yake ni kitenzi chenye maana ya kuhifadhi kitu mahali salama. Kwetu lilipofika likageuka la mafundi.

Na ndugu hao siku hizi ni wengi. Kuna Wakongo na Warundi waliopitia kambi kama Nyarugusu kule Kigoma wakapelekwa Marekani na Kanada, kuna Wakenya, kuna Wabongo waliojilipua kivyao. Wanabeba boksi miaka kadhaa, wanajibana, wananunua nyumba. Kisha siku moja mlango wa gereji unakufa katikati ya baridi, wanaenda dukani, na muuzaji anauliza: "Unataka wa R ngapi?" Hapo mtu aliyekulia Bukavu au Kasulu anabaki anatoa macho. Namba hiyo ni pesa, na usipoijua utapigwa. Ila kuielewa lazima urudi nyuma zaidi ya miaka 100.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 gari lilikuwa kitu cha matajiri, na lilikuwa halina adabu kabisa na baridi. Maji kwenye rejeta yakiganda yanavimba kwa karibu asilimia 9, na chuma hakina pa kukwepea, kinapasuka. Oili inakuwa nzito kama asali ya zamani. Stata ya umeme ilikuwa haijaja. Ilianza kuwekwa kwenye Cadillac za mwaka 1912, kwa hiyo kabla ya hapo unazungusha hendeli kwa mkono huku vidole huvisikii. Watu wa kaskazini ya Marekani walikuwa na dawa tatu. Ya kwanza, kila jioni unamwaga maji yote ya rejeta na asubuhi unajaza ya moto. Ya pili, unachanganya maji na spiriti, ambayo nayo inakimbia kama mvuke injini ikipata moto, kwa hiyo unaongeza kila mara. Ya tatu ndiyo ya watu waliokubali yaishe: unaliinua gari juu ya magogo mwezi wa 11, unalifunika, mnaonana tena theluji ikiyeyuka.

Wenye hela zao mjini walipata njia ya nne. Kulikuwa na majumba makubwa ya kulaza magari, yana joto na yana vijana wa kusafisha, unalipa kwa mwezi. Wengine walilaza magari kwenye mabanda ya farasi, pembeni ya farasi wenyewe, gari la gharama linanuka samadi. Hiyo haikudumu.

Kilichobadilisha mchezo ni Ford Model T. Ilianza kuuzwa 1908, na hadi inafungwa 1927 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 15. Sasa mwenye gari akawa mkulima, mwalimu, fundi seremala. Huyu hana hela ya kulipia jumba la joto, ila ana uwanja nyuma ya nyumba. Akajenga kibanda cha mbao. Kampuni kama Sears ikawa inauza hata vibanda vya kutumwa kwa posta: unachagua kwenye katalogi, mbao zinakuja zimeshakatwa, unagongelea mwenyewe.

Mlango wa kibanda hicho ulikuwa ule ule wa zizi. Vipande viwili vikubwa, bawaba pembeni, unavuta kuelekea nje. Kwa nchi isiyo na theluji hakuna shida yoyote. Lakini fikiria umeamka, usiku mzima imedondoka theluji ya kufika kwenye magoti, na mlango wako unafunguka kwa nje. Haufunguki. Unachukua koleo, unachimba nusu duara nzima ya mlango wa kwanza, halafu ya wa pili, ndiyo uanze kuvuta. Upepo nao ukija unaukamata mlango ule kama tanga la ngalawa na kukurushia usoni. Bawaba zilikuwa zinang'oka kwa uzito. Wapo walioweka mlango wa kusukuma pembeni kwenye reli, ila huo unataka ukuta mrefu wa kuupokea, na reli ya chini ikijaa barafu umekwama vile vile.

Mwaka 1921, kwenye jiji la Detroit, jamaa mmoja akaja na wazo ambalo ukilisikia leo unaona la kawaida sana: mlango usiende nje wala pembeni, uende juu. Aliukata katika vipande vya kulala, akaviunganisha kwa bawaba, akaweka magurudumu madogo pembeni na reli inayopanda kisha inapinda chini ya dari. Unanyanyua, mlango unajikunja kipande kwa kipande, unaenda kulala juu ya gari. Theluji ikae huko nje itakavyo.

Sehemu tamu ni namna alivyouza. Hakukaa ofisini kusubiri wateja. Alitengeneza mfano mdogo wa mlango, akaufunga nyuma ya Model T yake, akazunguka nayo nchini na mke wake wakitafuta mawakala. Mtu anaona kamlango kanapanda na kushuka nyuma ya gari, anacheka, halafu anatoa oda. Machinga wa kweli. Mwaka 1926 akaongeza mota ya umeme, kwa ajili ya watu ambao mlango uliwashinda uzito kuunyanyua.

Ila humo humo kwenye ushindi wake ndimo tatizo jipya lilimoingia, na watu walichukua kama miaka 50 kulishtukia.

Mlango wa zizi ulikuwa mapande mawili mazima. Huu mpya kwa kawaida una vipande vinne, maana yake una maungio matatu yanayokata mlango mzima kutoka kushoto kwenda kulia. Mlango wa magari mawili una upana wa kama mita 4.9 na kimo cha mita 2.1. Piga hesabu: maungio matatu ni karibu mita 15, na kuzunguka kingo zote ni mita 14. Jumla ni karibu mita 29 za sehemu ambazo upepo unaweza kupenya, kwenye mlango mmoja! Tuseme kingo zile za pembeni tu zina mwanya wa milimita 3, unene wa karata chache za kuchezea. Ukiukusanya mwanya huo wote sehemu moja unapata tundu la sentimita 20 kwa 21. Ni kama umetoboa ukuta wa nyumba, ukaacha shimo la kupitisha kichwa cha mtoto, halafu ukawasha hita.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejali, na sababu inaeleweka. Kibanda kilikuwa nyuma ya uwanja, mbali na nyumba. Baridi ikiingia inamkuta gari. Na gari lenyewe lilikuwa linazidi kuwa sugu: mwaka 1927 ilianza kuuzwa dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta ambayo haigandi na haikimbii kama spiriti, na kwenye miaka ya 1940 mtu mmoja wa North Dakota akatengeneza kifaa cha umeme cha kupasha injini moto usiku. Mpaka leo Winnipeg utaona gari limetokeza waya wa umeme mbele kama pasi. Hilo siyo gari la umeme, ni la petroli, linapashwa damu.

Mambo yalianza kuharibika pale gereji ilipohama. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia Wamarekani na Wakanada walijenga vitongoji vipya kwa kasi, kila familia na gari lake, na gereji ikasogezwa mbele ikashikana na nyumba. Raha tupu, unashuka kwenye gari na viatu vya wazi unaingia jikoni. Kisha mjenzi akaona nafasi ya bure juu ya dari ya gereji, akaweka chumba cha kulala. Na kawaida kinachopewa chumba cha pembeni ni kitoto.

Sasa jiulize chini ya sakafu ya kile chumba kuna nini. Kuna gereji yenye mlango wa ukubwa wa mita za mraba zaidi ya 10, wa mbao nyembamba au bati tupu, na nje yake ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Kuta za nyumba zilikuwa zimeanza kujazwa pamba ya kuhami joto, madirisha yamewekwa vioo viwili, halafu upande mmoja wa nyumba umeachwa na bati. Ni sawa na kununua chupa ya chai ya gharama ukaifunika kwa karatasi.

Mafuta ya kupashia nyumba yalikuwa ya bei ya chee, kwa hiyo watu walifidia kwa kuwasha zaidi. Halafu ikaja Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zikagoma kuiuzia Marekani mafuta kwa sababu ya vita ya Mashariki ya Kati, na katika miezi michache pipa likatoka kama dola 3 likafika karibu dola 12. Hata huku Tanzania maumivu ya bei ile yaliingia mpaka kwenye sahani. Kule kaskazini yalifika na bili ya Januari. Ghafla kila mtu akawa anapapasa kuta zake usiku akitafuta upepo unapoingilia, na mkono ukawa unaishia pale pale: kwenye gereji.

Dawa ilikuwepo siku nyingi, haikuwa imepelekwa mlangoni tu. Mwaka 1937, kule Leverkusen, Ujerumani, wakemia walikuwa wamepata kitu kinachoitwa poliyurethani. Unachanganya vimiminika viwili, vinachemka vyenyewe na kuumuka kama andazi, vikikauka unabaki na povu gumu lenye vipovu vidogo visivyohesabika. Ndiyo hilo liko ndani ya ukuta wa friji yako, na binamu yake laini ndiyo godoro la sponji unalolalia. Povu la pili ni polistirini, lile jeupe linalokuja kwenye boksi la tivii na kukwaruza masikio. Watengenezaji wa milango wakafanya kama sandwichi: bati mbele, povu katikati, bati nyuma. Tofauti ya mapovu haya inahesabika kwa mnunuzi. Polistirini hukatwa ubao na kuchomekwa ndani. Poliyurethani humiminwa ikiwa maji, ikaumuka na kujaza kila kona, ikang'ang'ania bati pande zote, na mlango unakuwa mgumu zaidi, hautetemeki upepo ukivuma.

Povu hilo nalo lilikuwa na dhambi yake. Gesi iliyokuwa inaumua vile vipovu ilikuwa ya jamii ile ile ya gesi za friji za zamani, zilizokuwa zinatoboa tabaka la ozoni. Mwaka 1987 mataifa yalikutana Montreal, kwenye baridi hiyo hiyo ya Kanada, wakasaini mkataba wa kuziondoa. Viwanda vikalazimika kubadili mapishi.

Ndipo tunapofika kwenye ile R ya muuzaji. R ni kipimo cha namna kitu kinavyozuia joto lisipite. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo joto linavyokaa ndani. Kwa vipimo vya Marekani, inchi moja ya polistirini inatoa R ya kama 4, na inchi ya poliyurethani kama 6. Viwanda vilipoanza kushindana, vita ikawa ya namba: R 6, R 9, R 12, R 18. Mteja anaona 18, anadhani ni mara mbili ya raha ya 9. Anatoa mkwanja.

Lakini tupige hesabu ya shule ya sekondari. Chukua mlango wetu wa magari mawili, nje nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani nyuzi 5 juu. Mlango wa bati tupu una R ya kama 1, na unapitisha joto la karibu wati 1,500. Hiyo ni zaidi ya pasi ya umeme iliyowashwa usiku kucha kupasha mtaa. Weka mlango wa R 8, inashuka mpaka wati 185 hivi. Umeokoa zaidi ya wati 1,300. Sasa ongeza hela upate R 16: inashuka hadi wati 93. Umeokoa taa moja ya zamani! Hatua ya kwanza ndiyo yenye faida nono, na kuanzia hapo unalipa kingi kupata kidogo.

Na hiyo ni kama namba ni ya kweli. Kwa miaka mingi namba inayotangazwa imekuwa ya katikati ya kipande, pale povu lilipo nene na hakuna kiungo. Haihesabu maungio, haihesabu kingo ambapo bati la nje linagusana na bati la ndani na kupitisha baridi kama kijiko kwenye uji wa moto, haihesabu mianya ya pembeni. Ukipima mlango mzima ukiwa umefungwa ukutani, unapata kidogo zaidi, wakati mwingine pungufu sana. Mwanya wa upepo haupo kwenye R kabisa. Vyama vya watengenezaji vyenyewe vina kipimo kingine cha mlango mzima, ila hicho hakina namba tamu ya kubandika dukani, kwa hiyo usipouliza huambiwi. Hapo ndipo wengi wanapigwa, wageni na wenyeji.

Wajanja wa nchi hizo wanauliza vitu vingine kabla ya R. Mipira ya pembeni na juu ikoje, na ule wa chini unaolala kwenye sakafu unabaki laini kwenye baridi kali au unakauka kama ndala ya mwaka juzi? Maana mpira wa chini una vituko: maji ya theluji yanayodondoka kwenye gari yanatiririka mpaka mlangoni, yanaganda, mlango unagandana na zege. Asubuhi unabonyeza rimoti, mota inavuta, mpira unabaki chini umechanika. Wanauliza pia kama kati ya bati la nje na la ndani kuna kitu cha kukata njia ya baridi. Na wanauliza kuhusu springi.

Springi ndiyo inayobeba mlango. Mota inasukuma tu. Mlango wa magari mawili wenye povu unaweza kufika kilo 70 hadi 100, kwa hiyo ukitoa wa bati tupu ukaweka wa povu na springi zile zile, umejitafutia balaa. Springi ya kawaida imetengenezwa kwa kufungua na kufunga mara 10,000. Familia inayotumia mlango mara nne kwa siku inazimaliza kwa karibu miaka saba, na mara nyingi inakatika asubuhi ya baridi kuliko zote, kwa mlio kama wa bunduki. Springi ikiwa imekazwa imebeba nguvu ya kuvunja mkono. Ni kazi ya fundi mwenye zana zake, wala siyo ya shemeji mwenye spana.

Mlango wenyewe umewahi kuua. Mota zilipoenea, makumi ya watoto Marekani walibanwa na milango iliyokuwa inashuka bila kujua kuna mtu chini. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria, na mota zote za majumbani zilizotengenezwa kuanzia 1 Januari 1993 zikalazimika kuwa na kinga ya ziada. Ndiyo maana leo kuna vile vijicho viwili karibu na sakafu, vinatazamana. Kitu kikipita katikati, mlango unarudi juu. Barafu au utando wa buibui ukiviziba, mlango unakataa kushuka, na kuna watu wanavifunga juu kwenye dari vitazamane wenyewe ili wasisumbuliwe. Huo ni ujinga wa kiwango cha juu.

Kuna na hatari nyingine ambayo mlango mzuri unaiongeza. Ukishaziba ile mianya yote, moshi wa gari nao hauna pa kutokea. Mtu anawasha injini ndani ili ipate moto, mlango kaufunga kwa sababu ya baridi, na kaboni monoksidi inapanda kwenye chumba cha juu. Haina harufu, haina rangi. Ni ile ile inayoondoka na watu huku kwetu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Kwa hiyo gari linawashwa mlango ukiwa wazi, linatolewa nje hapo hapo, na king'ora cha gesi hiyo kinafungwa karibu na vyumba vya kulala.

Kuhusu hela, mafundi wa kule wakiwa wakweli watakuambia jambo ambalo muuzaji wa mlango hapendi: kama gereji haina hita na kuta zake ni tupu, mlango wa R 18 ni mapambo. Kwanza unahami ukuta kati ya gereji na nyumba, na dari iliyo chini ya chumba cha mtoto, halafu unaziba mianya kwa mpira mpya, kazi ya hela kidogo. Mlango wa povu, hata wa R ya kati, unakuja baada ya hapo. Na kama gereji iko mbali na nyumba kama kile kibanda cha wenye Model T, na haipashwi joto, bati linatosha. Gari litakaa kwenye baridi yake, waya umechomekwa.

Wadau wa Minnesota, Winnipeg, Oslo na kwingineko, mlango wa kwenu ni wa bati au wa povu, na bili ya Januari iliopita ilisomaje?